Maji ya Mgonjwa

Watu wa Majengo wakitaka kumtania Alawi bin Shomari humwambia kwamba katika Moshi nzima ni yeye peke yake anayeomba mvua bila kuwa na hata mgomba mmoja. Naye hukubali, tena hucheka kabla yao. Wingu likishuka kutoka mlimani mwezi wa Aprili, utamkuta uani kwake akifunga shuka nyeupe kwenye miti minne, katikati ya shuka ametia jiwe lililooshwa, na chini ya jiwe pana mtungi wa kioo. Mgeni hudhani mtu huyu ana kichaa cha msimu. Wenye malori wanajua sababu, na mimi nitakueleza tangu mwanzo, maana yeye mwenyewe akianza kueleza hushukuru watu wengi mno hata kisa kinapotelea njiani.

Baba yake alikuwa Mmanyema aliyekuja Moshi na reli siku za Mjerumani, akibeba mataruma begani, na reli ilipofika mwisho naye akafika mwisho, akaoa Mpare mmoja, akakaa. Alawi alirithi kwake mabega na stesheni. Kwa miaka kumi na tisa alivuta mkokoteni kati ya behewa na maduka: chumvi, saruji, sukari, majora ya amerikani, mafuta ya taa. Sauti yake mji mzima uliijua. "Pisha! Pisha njia, mzigo hauna macho!" Akina mama wa sokoni walikuwa wakipisha hata kabla ya kumwona.

Kisha nyonga ya kushoto ikaanza. Mwanzoni ilimuuma akiamka. Baadaye ikawa inamwachia ghafla, mguu unakuwa kama si wake, na mara mbili alianguka chini ya mpini mzigo ukimsukuma. Mganga wa hospitali alimbonyeza, akamkunja mguu huku na huku, akamwambia bila kuzunguka: "Mzee, mkokoteni huu ukiuvuta masika mawili zaidi, ya tatu utayaona umekaa kitako." Alawi alikuwa na miaka thelathini na sita, mke na mabinti wawili. Hakumwambia mtu neno lile ila mkewe Zuleha, na Zuleha hakulia. Aliongeza chungu cha pili cha vitumbua asubuhi na chungu kile kilimuuma Alawi kuliko nyonga.

Hapo ndipo lori bubu lilipokuja.

Ilikuwa mwaka arobaini na tisa. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini petroli ilikuwa bado ikigawiwa kwa vyeti, na malori ya kampuni moja ya mizigo pale mjini yalikuwa yakilala siku tatu kwa wiki. Wakubwa wa kampuni wakaleta kutoka Ulaya lori la betri, walijaribu wiki kumi, waone kama litaweza kusambaza mizigo ya mjini kwa umeme peke yake. Lilikuwa fupi, pana, rangi ya kijani, na chini ya sakafu yake mlipangwa vyumba ishirini na vinne vya betri, kila kimoja kizito kama mtoto wa miaka mitano. Jioni lilifungwa waya kwenye gereji ya kampuni likanywa umeme hadi asubuhi. Halikunguruma. Halikutoa moshi. Siku ya kwanza lilimkaribia mbuzi wa mtu mpaka likamgusa mkia, na mbuzi yule, nasikia, hakurudi tena barabara ile.

Aliyeletwa kusimamia majaribio alikuwa Mwingereza mmoja mwembamba, mpole, aliyejifunza Kiswahili chake katika kitabu na kusema "tafadhali" hata alipokuwa akifukuza nzi. Kila duka alitoa saa mfukoni, akatazama, akaandika. Mji ukamwita Bwana Saa, na jina lake la kweli likakosa kazi. Dereva na fundi wake alikuwa Ebenezeri, Mmachame, aliyekuwa askari kule Burma na kufundishwa magari na betri jeshini. Ebenezeri alikuwa mtu wa kunyooka: shati limenyooka, neno limenyooka, Jumapili kanisani, na akikosewa alikaa na hasira yake muda mrefu. Kitu kimoja tu kilimfanya ajisifu, nacho ni maji ya kwao. "Mfongo wetu," alikuwa akisema, "unatoka juu kabisa kwenye theluji. Ukitia maji yake kwenye glasi unaweza kudhani glasi ni tupu." Wenye mikokoteni walimwitikia tu, kwani hakuna Mchagga asiyedhani mfereji wa ukoo wake ndio aliouchimba Mungu mwenyewe.

Wenye mikokoteni walilichukia lori lile siku ya kwanza na kulicheka siku ya pili. Bwana Saa alikuwa amepanga safari kwa ramani: kwanza maduka ya karibu na stesheni, halafu ya mbali kidogo, na mwisho Kiborloni juu. Kwenye ramani ilikuwa safi. Lakini Moshi imeegemea mlima, na ramani haina mguu wa kusikia. Saa nane mchana lori lilikuwa limeishiwa katikati ya kilima cha Kiborloni na magunia kumi ya sukari mgongoni, na wale wale waliokuwa wakilichukia ndio walioitwa kulisukuma. Walilisukuma wakiimba. Siku ya tatu hivyo hivyo, siku ya nne hivyo hivyo.

Siku ya tano Alawi alikuwa nyuma ya lori, bega kwenye bodi, nyonga inamchoma, akashindwa kujizuia. Alimwambia Ebenezeri, "Kaka, mwambie bwana wako huyu hajawahi kuvuta kitu. Sisi mzigo wa juu tunaanza nao asubuhi tukiwa na nguvu. Ukishaufikisha Kiborloni, mengine yote unashuka nayo, na mteremko unakusaidia. Anayeanza chini huja kulipa kilima akiwa hana kitu."

Ebenezeri alitafsiri. Bwana Saa alitazama kilima, akamtazama Alawi, akatazama kilima tena. "Tafadhali," alisema, "kesho uje wewe."

Kesho yake walianza juu. Saa kumi jioni lori lilirudi gerejini kwa miguu yake, na betri bado zina nguvu ya kwenda msikitini na kurudi. Alawi akawa utingo wa lori la betri. Kazi yake ilikuwa kupanga safari, kusimamia upakiaji, na kukaa mbele akitoa ile sauti yake, kwani gari lisilo na sauti lilihitaji mtu mwenye sauti. "Pisha! Pisha njia!" Alikuwa amekaa. Hebu fikiri: miaka kumi na tisa mtu anapiga kelele ile akiwa mbele ya mzigo, na leo anaipiga amekaa kitini, mikono magotini. Jioni ile alimweleza Zuleha mara tatu jinsi kiti kilivyokuwa, na mara ya tatu Zuleha akacheka, na Alawi akajua amerudishiwa kitu kikubwa. Mkokoteni wake alimwazima mwenzake. Alisali rakaa mbili za shukrani, na sala ile hakuifanya haraka.

Lakini hakumwambia mtu habari za nyonga. Utingo mbovu wa mguu atawekwa wa nini?

Mbali na kazi hizo alipewa moja ya Jumamosi. Betri, Bwana Saa alimweleza, zina kiu. Maji yake hupungua zinapochajiwa, na kila wiki lazima ziongezewe kidogo. Si maji yoyote. Yalikuja na lori lenyewe, chupa kumi na mbili za kioo katika sanduku la mbao, zimezibwa kwa nta. "Betri inataka maji safi kuliko yote," Bwana Saa alisema, akainua kidole. "Safi kuliko yote, tafadhali." Alawi alilishika neno lile kama aya.

Wiki nne zikapita vizuri. Jumamosi ya tano, Ebenezeri akiwa ameshakwenda kwao na Bwana Saa yuko ofisini, Alawi aliinua sanduku kulitoa rafuni, na nyonga ikamwachia. Alianguka na sanduku. Aliposimama, chupa nane zilizobaki zilikuwa zimevunjika zote.

Ukikaa na Alawi leo atakwambia kwamba pale pale angekwenda ofisini, akagonga mlango, akasema, kisa kingeishia hapo. Lakini aliona mbele yake swali la pili: sanduku jepesi namna hii lilikuangushaje? Na nyuma ya swali hilo aliuona mkokoteni. Akafagia vioo, akavizika nyuma ya gereji, akakaa juu ya tairi akifikiri yako wapi maji safi kuliko yote. Hakufikiri maji ya bomba. Ya bomba yalipita kwenye chuma, na chuma kina kutu. Hakufikiri chemchemi za Njoro, madobi wanafua pale. Alifikiri mfongo wa kina Ebenezeri, maji usiyoyaona kwenye glasi. Hakuchagua ya karibu wala ya bure. Alichagua yale bora aliyowahi kuyasikia, na hilo ndilo linalonifanya nishindwe kumlaumu sana.

Jumapili alipanda lori la abiria hadi Kwa Sadala, njia panda ya Machame, na debe jipya mkononi, akalala kwa mtu anayemfahamu, na alfajiri akaanza kupanda kwa mguu. Alikuwa amesikia kwamba maji ya mfongo huchotwa mapema, kabla ng'ombe hawajanyweshwa na kabla ya mtu kufungulia shamba lake. Alipofika kihambani kwa kina Ebenezeri, shamba la migomba lililoizunguka nyumba yao, alimkuta mama yake, Mama Tabitha, mjane mnene kidogo, kitambaa cheupe kichwani, akitoka zizini na maziwa. Ebenezeri mwenyewe alikuwa ameshateremka kazini, ambako Alawi alikuwa ameomba ruhusa ya Jumatatu ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na hiyo miguu ya matope?"

"Mjini, mama. Nafanya kazi na Ebenezeri. Nimekuja kuomba maji."

"Mjini hakuna maji?"

Hapo ulimi wake ukateleza ukaenda kwenye uongo wa kwanza uliokuwa karibu. "Nina mgonjwa, mama. Wameniambia anahitaji maji safi kuliko yote."

Mama Tabitha aliweka maziwa chini. Hakuuliza mgonjwa ni nani. Alimpeleka mwenyewe hadi kichwani mwa mfongo, mahali unapoingia kihambani mwao chini ya migomba, akatoa majani, akasubiri tope litulie, akamjazia debe kwa kata moja moja. Akafunika kwa jani la mgomba. Kisha akaweka kiganja juu ya jani, akamwombea mgonjwa kwa Kichagga, maombi marefu, Alawi amesimama ameinamisha kichwa, na ndani yake jambo likimkwaruza. Akamlisha na mtori kabla ya kumwachia.

Alichuja maji yale kwa kanga iliyofuliwa, mara mbili. Akayatia betrini. Jumamosi iliyofuata akazitia tena.

Theluji haikupungukiwa usafi wowote, ila maji hutembea, na yakitembea hubeba. Yalikuwa yamepita kwenye udongo na mawe ya mlima maili kadhaa, yakachukua chumvichumvi isiyoonekana kwa jicho. Mtu anayanywa akanawiri. Betri haitaki hata chembe. Wiki ya sita lori lilirudi limechoka. Ya saba lilishindwa kufika Kiborloni hata likianza nako asubuhi. Ebenezeri alizamisha kipimo chake cha tindikali, cha kioo chenye mpira kichwani, chumba baada ya chumba, akatikisa kichwa, akapima tena. Aliamka mapema zaidi. Alikagua waya zote. Alikonda, na Alawi akimshikia taa ya mkononi alikuwa akikonda naye.

Alhamisi Bwana Saa alimwita Ebenezeri ofisini, mlango ukabaki wazi. Alawi alisikia yote. Bwana Saa hakupaza sauti. Alisema kwamba betri zimeharibiwa, kwamba betri haziharibiki zenyewe ndani ya wiki saba, kwamba fundi ni mmoja. Jumatatu ataandika kwa wakubwa kwamba majaribio yamekufa kwa uzembe wa fundi, tafadhali, na Ebenezeri atafute kazi mahali pengine. Ebenezeri alijibu kwa neno moja tu, "Ndiyo, bwana," kwa sauti ya kijeshi, akatoka, akampita Alawi bila kumwona.

Siku ile Alawi hakula. Alimweleza Zuleha kila kitu: chupa, debe, uongo, maombi. Zuleha alisikiliza akikoroga unga, na alipomaliza akagonga mwiko ukingoni mwa chungu.

"Kwa hiyo mwenzio afukuzwe ili wewe ukae kitini."

"Nikisema, narudi mkokotenini, Zuleha. Na mkokoteni unajua utanifanya nini."

"Najua. Nitauza vitumbua, na wewe utakaa kitako nikupitishie vijiti vya mishikaki uchonge. Hatutakufa. Lakini nikikutazama kwenye kile kiti, na kiti ni cha mtu mwingine, nitakuchukia, Alawi. Na sitaki kukuchukia, nimeshakuzoea."

Alawi husema kwamba katika wote anaowashukuru, maneno yale ndiyo anayoyashukuru kwanza, ingawa siku ile hayakuonekana kama zawadi.

Ijumaa baada ya sala, mvua ikinyesha, alipanda tena Machame. Alianza na Mama Tabitha kwa sababu ndiye aliyemdanganya uso kwa uso. Alisimama mlangoni akichuruzika maji, akasema: mama, hakukuwa na mgonjwa, lilikuwa gari, nilianguka na sanduku la maji yake, na maji yako yameliua, na anayelaumiwa ni mwanao.

Mama Tabitha alishika kiuno. "Nililiombea gari?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi. Mkristo wa miaka thelathini. Nimeombea gari lipone homa." Alikasirika kweli, akamwambia maneno ambayo Alawi hakuyaelewa yote, kwani yalikuwa ya Kichagga, na yale aliyoyaelewa alistahili. Kisha akamwuliza, "Mbona ulianguka na sanduku?" Alawi akamweleza nyonga. Ndipo akaacha kugomba. Akachukua kisu, akatoka nje kwenye mvua hadi kwenye uzio wa kihamba, akakata jani refu la isale, akalifunga fundo.

"Kwetu," alisema, "aliyekosa humpelekea jani hili aliyemkosea. Aliyeletewa isale hakatai. Akikataa, lolote litakalompata ni lake. Ebenezeri ana kichwa kigumu, ni cha baba yake, lakini uzio huu nao aliupanda baba yake. Mpe mkononi. Na mchungaji ukimwona njiani, lifiche kidogo, yeye katika hili hupenda kufumba jicho moja na si vizuri kumfumbua."

"Mama, mimi si Mchagga."

"Wewe umekula mtori wangu. Nenda."

Jumamosi asubuhi Ebenezeri alikuwa gerejini akikusanya spana zake binafsi katika mfuko wa turubai. Alawi alimnyooshea lile jani na kusimulia tangu sanduku hadi debe. Hakuruka kitu. Ebenezeri alitazama fundo.

"Mama ndiye aliyelifunga?"

"Kwa mkono wake."

Ebenezeri alikunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena. Mwishowe alilichukua jani na kulitia katika mfuko wa shati lililopigwa pasi. "Ungetangulia wewe kabla ya jani," alisema, "ningekupiga vizuri sana."

"Najua, kaka."

"Maji ya mfongo wetu. Kwenye betri." Akageuka ukutani, mabega yakitikisika, na Alawi akadhani analia. Hakuwa akilia. Alikuwa akicheka mpaka akashika meza. "Twende kwa Bwana Saa," alisema, akipangusa macho. "Yeye hana isale, kwa hiyo ujitayarishe."

Kwa Bwana Saa, Alawi alisema yote mara ya nne, na safari hii aliongeza la nyonga mwenyewe, bila kuulizwa. Bwana Saa alitoa saa mfukoni kwa mazoea, akaitazama, akairudisha bila kuandika. "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliuogopa mkokoteni, bwana."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Bwana Saa alisema kwamba chupa nyingine zingechukua wiki sita kufika, na majaribio yalibakiwa na wiki tatu. Hapo Ebenezeri akasimama wima. Kule Burma, alisema, chupa zilikuwa hazifiki kabisa. Walikuwa wakitandika turubai safi mvuani, mbali na miti na mabati, kwa sababu maji ya mvua hayajagusa udongo wala chuma. Hayo ndiyo safi kuliko yote. Yalikuwa yakiwanyeshea vichwani tangu mwezi wa tatu.

Alawi alisema kwao ipo shuka. Ilikuwa shuka ya harusi ya Zuleha, amerikani nyeupe nzito iliyokaa sandukuni miaka kumi na tano na karafuu. Zuleha aliitoa mwenyewe, akaileta gerejini kichwani, akawafundisha wanaume namna ya kuifunga isilegee. Siku mbili walikinga. Walimwaga ile tindikali mbaya, wakasuuza kila chumba mara tano kwa maji ya mvua, wakatia tindikali mpya iliyokuwa stoo, wakachaji polepole. Vyumba vinne vilikuwa vimekufa, na Ebenezeri akaviruka kwa waya. Ishirini vikarudi. Alawi alikuwa amekaa chini, mguu umenyooka, akimimina kwa faneli ya kioo, na husema hajawahi kumimina kitu kwa upole namna ile, hata maziwa kinywani mwa wanawe.

Lori lilimaliza wiki zake kumi. Lilikwenda polepole zaidi, likaanza juu kila asubuhi, na siku ya mwisho lilipanda Kiborloni na saruji na sukari, Alawi akipiga kelele zake, na wenye mikokoteni wakasimama kando na kupiga makofi, nusu kwa dhihaka na nusu kweli.

Halafu wakaja kulichukua. Petroli ilikuwa imeanza kupatikana, na wakubwa wa Ulaya walisoma barua za Bwana Saa, wakashukuru, wakaliita lori lao nyumbani. Walipolifunga kamba juu ya behewa Alawi alilipapasa ubavu. Kisha akaenda kwa yule mwenzake, akamwambia atahitaji mkokoteni wake Jumatatu. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameshamshukuru Mungu kwa wiki kumi za kukaa, na hakuona haya kuzihesabu kuwa fungu lake.

Bwana Saa alimwita kabla ya kupanda treni. Alimwambia aliyoandika: kwamba betri ziliharibiwa na utingo Alawi, na kwamba zilirudishwa na utingo Alawi na fundi Ebenezeri, na kwamba lori la kwanza kujua kilima cha Moshi lilifundishwa na mtu wa mkokoteni. "Yote ni kweli, kwa hiyo niliandika yote." Kisha akasema kampuni ina malori kumi na moja ya petroli, kila moja lina betri ya kuliwashia, na betri zile hufa ovyo kwa sababu kila mtu anatia maji ya popote. "Mtu mmoja tu Moshi hatatia tena maji ya popote. Nimewaambia wakuweke wewe. Kazi ni ya kukaa, tafadhali."

Alawi alisogea karibu. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akakaa ameushika mpaka treni ikapiga honi. Mkokoteni akamwachia yule mwenzake moja kwa moja, na hakuugusa tena.

Hiyo ndiyo kazi anayoifanya hadi leo, na tangu redio zianze kuingia majumbani ana benchi lake mwenyewe Majengo, watu wanaleta betri zao kama wanavyopeleka watoto kwa daktari wa meno. Kando ya mlango wake limeota isale. Alilipata kwenye uzio wa Machame, na ndilo isale pekee katika mtaa ule wa Waislamu. Wapangaji wakigombana huenda kulikata jani bila kumwomba ruhusa, naye haoni vibaya.

Masika ya kwanza baada ya lori kuondoka, alikinga mtungi wa kwanza na kuupeleka Machame. Alifika saa nne hivi, peke yake, kwa mguu kutoka Kwa Sadala. Mama Tabitha alikuwa amekaa barazani akichambua maharage, na alikuwa amemwona tangu kule chini barabara inapokata kona.

"Shikamoo, mama. Nimekulipa maji yako."

"Marahaba." Aliupokea mtungi, akauinua juani, akatazama ndani. Akautua karibu na maharage na kumsogezea kigoda.

"Mgonjwa wako nimemwona akipanda," alisema. "Anatembea. Kaa, mtori uko tayari."